Fungu la Kawudha

Mimi nikianza kusema sinyamazi, mtaa mzima wa Malukhu unajua. Nilitoka Bungoma miaka kumi na moja iliyopita, nikavuka mpaka nikaja hapa Mbale, Uganda, kuuza chai na chapati barazani, na miaka yote hiyo mlango wa pili kutoka jikoni kwangu ni wa Ritah, fundi cherehani. Siku hizi watu wananijia kuulizia habari zake kwa kunong'ona, kila mmoja na uongo wake mfukoni. Bora niseme mimi niliyekuwapo. Na lile nililolinyamazia nitalisema pia, maana ndilo linaloniuma.

Ritah ni Msoga, kwao ni kijijini nje kidogo ya Jinja, na alizaliwa pacha. Yeye ndiye Babirye, aliyetangulia. Mwenzake Kawudha akafuata. Kwa Wasoga pacha si mchezo, jamani. Ukimpa mmoja karanga kumi, na mwenzake umhesabie kumi. Ukimshonea mmoja gauni, la mwenzake litoke jora lile lile. Na pacha hafi. Ukisema amekufa utakemewa na bibi kizee mbele za watu, pacha anaruka. Basi Kawudha aliruka mwaka mmoja kabla sijafika Mbale. Alikuwa na virusi, akitumia dawa vizuri, mpaka mhubiri mmoja akamwambia amepona, akaziacha. Ritah ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani hadi siku ya mwisho, kisha akamchukua mtoto wake, Olivia, aliyekuwa na miaka saba.

Tangu hapo Ritah hakuwahi kula peke yake. Nyuma ya cherehani kuna rafu, na juu ya rafu kuna sahani ndogo ya bati, ya bluu, chini ya picha ya Kawudha. Akila ndizi, kipande kinakwenda kwenye sahani. Akinunua chapati kwangu, robo inakwenda kwenye sahani. Jioni alikuwa akimwita Olivia, anamwambia kula, mama yako amekubakizia. Mtoto alikula hivyo miaka na miaka. Mimi nilikuwa nawatania tu, namuuliza Ritah kama mwenzake leo ameshiba au niongeze moto, naye akicheka mpaka sindano inamdondoka.

Sasa mumewe. Otim ni askari magereza, mtu wa Lango kule kaskazini, na kazi walimpangia Jinja. Huja Mbale mwisho wa mwezi na sukari kilo mbili na salamu nzuri. Kwa maneno tu, huwezi kumchukia. Lakini huko Jinja ana nyumba nyingine, na huko kwenye hiyo nyumba nyingine hayuko peke yake. Kila mtu anajua. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukimtajia afande mpira wa kondomu, amekasirika. Ukimtajia kupima, amekumbuka safari. Ndipo Sista Margret, muuguzi wa kituo cha afya, alipopita mitaani kwetu kueleza vidonge vya kinga, PrEP wanaviita: ni vya mtu ambaye hana virusi na hataki kuvipata, kimoja kila siku, na kupima kila miezi mitatu. Ritah alikwenda siku ile ile. Akapimwa, akakutwa salama, akarudi na kopo.

Aliniambia akiwa amesimama hapa hapa penye jiko.

"Mama Sheryl, mimi niliiona njia ile kwa macho yangu. Sitaki kupita huko."

Vidonge alivitoa kwenye kopo akavitia katika bati la vifungo, kwa sababu kopo lile linafanana na la wagonjwa, tena linalia ukilishika, na Otim ana masikio ya jela. Kila asubuhi saa mbili alimeza kimoja na chai yangu. Shahidi mimi. Miezi sita hakukosa hata siku moja, hata alipokuwa na malaria.

Kisha ikaja ile alasiri. Mawingu yalikuwa yameshuka Wanale, mlima wote umefunikwa, na mtaa umetulia kama watu wamehama. Ritah alikuja kwangu, uso hauna damu. Alisema alisinzia juu ya cherehani, na alipofumbua macho Kawudha alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wateja. Si yule aliyekonda. Kawudha wa zamani, mwenye mashavu. Alikuwa amenyoosha kiganja. Aliuliza neno moja tu, fungu lake liko wapi, na Ritah alipopepesa macho kigoda kilikuwa kitupu. Nikamwambia hiyo ni njaa na joto la mvua. Nikampa uji. Lakini toka siku hiyo nikaona leo anameza na chai, kesho hamezi. Nikiuliza, anasema ameshakunywa ndani. Nikaacha.

Na mimi mwenyewe nikaanza kusikia. Kila siku saa tisa Ritah hufunga mlango, huenda kupeleka nguo za wateja. Siku moja hayupo, kufuli linaning'inia mlangoni, nikasikia cherehani inakwenda. Kwa masikio yangu haya. Taratibu, tik-tik-tik, inasimama, inakwenda tena, na ndani yake sauti ya mwanamke anaimba puani. Nikaita, Ritah! Kimya. Nikaweka jicho kwenye ufa wa dirisha, nikaona giza tu. Mimi si mwoga, nimefukuza walevi na mwiko, lakini siku hiyo nilihamisha jiko langu upande wa pili wa baraza.

Wiki hiyo niliingia kwake kuazima mkasi, nikaona kwenye sahani ya bluu kidonge. Kimoja, katikati, kama mtu amemwandalia mgeni. Nilimgombeza Ritah mpaka wapita njia wakasimama. Hakunijibu kwa hasira. Alisema siku moja ni yake, siku moja ya Kawudha, kwa kuwa toka tumboni mwa mama yao walikuwa wanagawana. Nikamwambia aliyeruka hana damu ya kuingiwa na virusi, wewe ndiye unayelala na Otim.

Akanitazama. "Haya. Kama si yeye, nani anakunywa? Mimi nafunga mlango, narudi, sahani iko tupu."

Nikachukua mkasi nikatoka. Nilikuwa nimesikia cherehani.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Siku ya kurudi kituoni Ritah alikwenda na kopo tupu, na Sista Margret akamsifu kwa kumaliza vidonge vyote. Zamu ya kupima ilikuwa bado. Ningeweza kwenda kusema. Kutoka hapa hadi kituoni ni mwendo wa kuchemsha birika moja. Mimi ninayesema ya kila mtu, ninayejua nani kapika nini kwa nani, hilo nililimeza. Nilijiambia si ukoo wangu, mizimu ya Wasoga waiamue Wasoga. Ukweli ni kwamba niliogopa. Wiki saba nilinyamaza, na katika wiki hizo Otim alikuja mara mbili na sukari yake.

Alipotuma habari kwamba anakuja mara ya tatu, nilishindwa kulala. Asubuhi nikamwambia Ritah leo nakaa ndani, huyo anayekula dawa yako nimwone. Mwisho akasema, "Ukae. Lakini usimsemeshe."

Saa tisa akaenda zake, akanifungia kwa nje. Nilijibanza nyuma ya pazia ambapo wateja hujaribia nguo. Mvua ilikuwa inakuja, chumba kimeingia giza ingawa nje ni mchana, na ile picha ya Kawudha ukutani sasa sikuiona ila meno. Kidonge kwenye sahani nilikiona. Nikasali. Kisha mlango wa nyuma, ule ambao haufunguliwi na mtu, ukafunguka polepole.

Aliingia mwanamke, nguo imelowa mabegani. Hakutazama huku wala huku. Aliketi kwenye cherehani, akaweka miguu, ikaanza kwenda, naye akaimba puani wimbo ule ule. Akageuza uso kwenye mwanga kidogo wa mlango. Ulikuwa uso wa picha. Mashavu yale, mwanya ule. Mkojo ulinitoka, kwa nini nikufiche? Akasimama, akafika kwenye rafu, akakitazama kidonge kama mtu anayesoma barua, akakimeza bila maji. Kikamkwama, akakohoa.

Kile kikohozi nilikijua. Nilikinywesha uji kikiwa na miaka minane. Alikuwa Olivia.

Nilitoka nyuma ya pazia, naye akapiga ukelele mkubwa kuliko wangu. Tulipotulia, alieleza yote akiwa ameketi sakafuni. Sasa ana miaka kumi na tisa, anahudumu kwenye hoteli ya chakula upande wa viwandani, analala huko na wenzake, na ufunguo wa mlango wa nyuma anao toka shule. Ana mchumba, Gordon, dereva wa lori la Kenya, asiyependa maswali. Mara mbili alikwenda kituoni kuomba vidonge vya kinga. Mara mbili alikuta kwenye benchi akina mama wa kanisani kwao, akaona watamwita mgonjwa au malaya, akageuza. Mficha uchi hazai, lakini huo ni msemo wetu wazee, mtoto utamlaumu vipi? Kisha saa yake ya mapumziko alikuja kumtafuta Ritah, hakumkuta, akakiona kidonge kwenye sahani, akakitambua ni kama vile Sista alivyokuwa akionyesha mitaani.

"Kila kilichowekwa pale kilikuwa changu toka utoto," akaniambia. "Nilijua mama amenibakizia. Nikawa nakuja kila siku. Siku nisipokikuta, nilijua leo hana."

Ritah aliporudi tulimwambia. Nilidhani atalia au atampiga. Alimshika tu Olivia uso kwa mikono miwili, akamtazama mpaka mvua ikaisha.

Asubuhi tulikwenda kituoni, watu watatu. Wale akina mama walikuwapo kwenye benchi, na mimi nikawasalimia kwa sauti, mmoja mmoja kwa jina, mpaka wakainamia viatu vyao. Sista Margret hakugomba. Alisema kidonge hiki si chapati. Kila mwili unataka chake, kizima, kila siku, na ukikigawa kwa wawili hakimlindi yeyote, wote mnabaki nje kwenye mvua. Akawapima. Olivia alitoka kwanza: hana. Alikuwa na kopo lake mkononi, lenye jina lake, na tarehe ya kurudi kupimwa tena. Ritah alikaa ndani muda mrefu. Wakapima mara ya pili, na ya tatu.

Anavyo.

Sista aliniambia hakuna awezaye kujua ni usiku upi. Sawa. Mimi najua zangu ni wiki saba, na kila nikichemsha birika nazihesabu. Nilimwambia Ritah palepale kwenye ujia kwamba nilijua na nilinyamaza, anisamehe. Sijui kama alinisikia. Alikuwa anamtazama Olivia aliyesimama juani akiwa na lile kopo, halifichi, linalia akitembea.

"Kawudha hakunidai mimi," alisema. "Alikuwa anamtafutia mtoto fungu."

Baadaye Sista akamwita kumwanzishia dawa za matibabu. Akamweleza ni za kila siku, maisha yote, na akizifuata atazeeka na kunisumbua mimi. Ritah alitaka kumeza cha kwanza hapo hapo. Aliketi kwenye ujia, nikamletea maji. Kando yake kulikuwa na kiti kitupu. Aliweka kidonge kiganjani, na nikaona mkono unasogea wenyewe upande wa kile kiti, kama alivyofanya maisha yake yote. Ukasimama njiani.

"Nisamehe, mwenzangu," akakiambia kiti. "Hiki sikugawii."

Akameza. Foleni asubuhi hiyo ilikuwa ndefu, wazee wameegemea ukuta, kina mama wamebeba watoto. Kiti kile hakuna aliyekikalia mpaka tulipoondoka.