Jiliwa la fundi wa Ushongo na mkeka niliolalia

Wakuu, habari za mapumziko. Haya yamenipata mwenyewe, sina cha kuongeza wala kupunguza.

Nilitoka Makorora asubuhi, begi mgongoni, bila kujua naenda wapi. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita. Nikapata lifti ya Fuso la simenti, tukavuka kivuko cha Pangani, na jua lilipoanza kuinama nikateremkia Ushongo. Sina mwenyeji.

Nikasikia randa.

Wakuu, mlio ule ulinirudisha utotoni. Marehemu babu yangu alikuwa seremala, akifanya kazi kakaa chini, ubao kaubana kwa nyayo. Mimi nilikuwa nasinzia pembeni yake juu ya maranda ya mbao.

Mara randa ile ikakwama. Likafuata tusi.

Nikachungulia karakanani. Mzee mmoja, Fundi Sefu, kasimama mezani anahema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta kazi?"

"Napita tu."

"Basi pita na hili jiliwa!"

Mkewe, Bi Zuhura, akadakia mlangoni: "Na mwenyewe umchukue. Tangu nyonga imkatalie kukaa mkekani, nyumba haina amani."

Kumbe mzee naye alikuwa wa kukaa chini kama babu. Nyonga ilipogoma akanunua jiliwa, ile vaisi ya kubania mbao, akalifunga kushoto mwa meza kama alivyoona kwa mafundi wa Chumbageni. Lakini kila akipiga randa mwili unajipinda.

"Leo likinishinda, nauza vyombo vyote," akasema.

Bi Zuhura hakutania tena.

Nikamwomba apige nimtazame. Randa ilisukumwa kwa mkono wa kushoto.

"Mzee, kumbe wewe ni wa shoto?"

"Kwenye kula hapana. Kwenye mbao, nani aliwahi kuniuliza?"

Kweli bwana. Mkekani unageuka utakavyo. Meza haigeuki, na jiliwa la kushoto humfaa anayesukuma kwa mkono wa kulia.

Tukalihamishia jiliwa kulia, usawa wa mguu wa meza ili isitikisike. Tukachimba ukingo wa meza mpaka taya la nyuma la jiliwa likalala sawa na meza, ubao mrefu upate kuegemea wote. Mataya tukayavika vibao, chuma kisiume mti.

Akasimama. Akasukuma. Randa la ubao likatoka refu, limejikunja kama utepe, halikukatika. Akasukuma tena. Kisha akautazama mkeka uliosimamishwa ukutani, umelika pale visigino vilipozoea kukaa.

"Zuhura, mpe mgeni mkeka. Mimi sina kazi nao tena."

Bi Zuhura akaukung'uta taratibu, akautandika mwenyewe pale karakanani. Nikalala kwenye harufu ya maranda, kama zamani.

Nilichookota ni hiki: kabla hujatoboa meza, mtazame kwanza mwenye meza anasukumia mkono gani.

Nanyi mliolelewa na mafundi wa kukaa chini, hebu tuambieni: mkeka wa kwenu uliishia wapi?