Aliyeshuka Mtini Akiwa Msafi

Filimbi ilinifikia kabla sijaona chochote. Ilitoka juu, ndani ya ukungu: mlio mmoja, wa pili, wa tatu. Kwetu ilikuwa na maana moja tu: ninashuka, niteremshie kamba.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, tumboni nikiwa na chai na kiazi. Nasema mapema kwa sababu kila ninapoanza kusimulia, mtu hunicheka na kuniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Cheka ukitaka. Ila nisikilize mpaka mwisho.

Mimi na Safari tulikuwa tukikata miti hapa Karatu. Siyo kupasua mbao. Sisi tuliitwa mti ulipoegemea nyumba, au tawi lilipotishia paa la loji. Tulikuwa na lori moja, misumeno miwili ya mashine, na mashine ya kusaga matawi ambayo Safari aliibatiza Fisi, maana ilitafuna kila kitu na ikishiba inacheka. Safari ndiye aliyepanda. Mimi nilibaki chini, nimeshika kamba yake. Umewahi kushika uhai wa mtu mikononi, ukausikia ukivuta kama ndama? Ndiyo kazi yangu ilivyokuwa.

Na tulikuwa na desturi yetu. Ukikata mti, unga wake hukuganda shingoni, mabegani, hata kwenye kope. Safari akifika chini alijipangusa begani, akaniwekea ule unga kiganjani, akasema, "Nimefika." Hapo tu ndipo nilipofungua kamba. Ilianza kama utani, siku aliponikuta nimeanza kukunja kamba kabla buti zake hazijagusa ardhi. Utani ukageuka sheria.

Siku hiyo tulikuwa Mbulumbulu, kwa mama mmoja mjane ambaye mkaratusi mkubwa ulikuwa umeinamia jiko lake. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka upande wa kreta, mzito, hata shamba la maharage lililokuwa pembeni yetu hatukuliona.

"Tungoje kidogo," nilimwambia Safari.

"Kaka, tukingoja ukungu wa huku uishe, mwanangu atazaliwa, atakua, ataoa." Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza.

Mama akadakia kutoka jikoni: "Panda, ila ukianguka usimwangukie kuku wangu. Wewe utapelekwa hospitali. Yeye nitampeleka wapi?"

Tulicheka. Safari akapanda, na ukungu ukammeza, kofia kwanza, buti mwisho.

Kamba yake ilipita kwenye panda ya mti, ikashuka mpaka kwenye ndoano ya lori, nilikoizungusha na kuifunga. Matawi yakaanza kuanguka, nami nikawa namlisha Fisi. Fisi akila husikii kitu kingine, hata msumeno wa juu. Filimbi peke yake hupenya.

Ndipo ikaja ile milio mitatu. Nikashika kamba, nikailegeza polepole. Uzito ulikuwa ule ule. Niamini, mikono yangu ilimjua Safari kuliko macho yangu yalivyomjua. Kisha kamba ikalegea kabisa, na mtu akatokeza kwenye ukungu: kofia ngumu ile ile ya njano, koti lile lile lenye kiraka kiwikoni, hata kale kamwendo ka kuburuta mguu.

"Fungua kamba, kaka," alisema, mdomo karibu na sikio langu. "Tusogeze lori."

Sauti ya Safari. Nikapeleka mkono kwenye fundo. Halafu, kwa mazoea tu, nikamnyooshea kiganja cha kulia.

Alikitazama kama mtu aliyepewa kifaa asichojua kinatumikaje. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa wa baridi, umelowa, kama wa mtu aliyetoka kuteka maji alfajiri. Hakusema "Nimefika." Nikamtazama shingo, kope, mabega. Hapakuwa na hata chembe ya unga. Alikuwa msafi kama shati la Jumapili.

Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikamzima Fisi.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Kimya kilipotua, nilisikia msumeno. Uliimba juu, ndani ya ukungu, taratibu, mikononi mwa mtu asiye na haraka. Nikaigusa kamba. Ilikuwa imekaza.

Yule mtu alitazama juu, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Alikuwa na uso wa mgeni aliyebisha hodi akaambiwa mwenyeji hayupo. Akauachia mkono wangu, akapita katikati ya maharage kuelekea bondeni. Hakuna jani lililotikisika.

Nilipiga filimbi yangu mpaka midomo ikauma. Safari akashuka, mweupe kwa unga, ananuka petroli. Akaniwekea unga kiganjani.

"Nimefika," alisema, kisha akakunja uso. "Kaka, kule juu ulipandaje?"

"Mimi?"

"Si ulikuwa kwenye tawi nyuma yangu? Ukaniambia nijifungue kamba, umeshanishika. Nikakwambia shuka kwanza, tawi hili halibebi watu wawili."

Mama alitusikiliza, na utani wote ukamtoka. Alisema marehemu mume wake aliupanda ule mkaratusi kando ya chemchemi, nao ukainywa mpaka ikakauka. Wakwe zake walikuwa wamemkataza; walimwambia chemchemi haikosi wenyewe.

"Mlipeana mkono?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Alinimiminia maji ya moto kiganjani, akanifuta kwa kanga yake. Mti tuliumalizia siku nyingine, jua likiwaka, bila tatizo lolote.

Ila kiganja changu cha kulia hakijakauka tangu hapo. Daktari alisema ni jasho tu. Huenda. Lakini jasho lina chumvi, na mimi nimekilamba: ni maji ya kunywa.

Kwa hiyo nakuonya, wewe ambaye kuna mtu ananing'inia kwenye kamba yako, kamba ya namna yoyote ile. Kuweni na ishara yenu, lakini usimnyooshee kiganja kila anayefika. Tazama kwanza. Ishara yetu ilimwokoa Safari, ni kweli. Lakini sasa yupo mwingine anayeijua.

Safari aliendelea na kazi kwa muda. Kila aliposhuka aliniwekea unga, nao ukaloa palepale, ukawa kama ugali mbichi. Asubuhi moja ya ukungu, tumeegesha mbele ya geti la mteja, alinishika kiganja, akakigeuza. Mtoto wake alikuwa ameshazaliwa. Kiatu chake kidogo kilining'inia kwenye kioo cha lori.

"Unga nakupa mimi," alisema. "Nikiwa juu, wewe unanipa nini, kaka? Nitajuaje kwamba aliyeshika kamba ni wewe?"

"Ni mimi, Safari."

"Hata yeye angesema hivyo hivyo."

Aliiweka filimbi yake juu ya kiti, akakifungua kile kiatu, akakitia mfukoni. Akashuka, na mlango wa lori ukafungwa nyuma yake.