Afande Opio Anapokea Wageni

Mteja wa kwanza kabisa, mzee Opio alimvua mkanda. Wallahi, siku ile ile niliyomkalisha kwenye meza ya mapokezi! Masaba, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Mbale, aliingia na begi lake akitaka chumba. Opio akasimama wima, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Bwana, karibu. Simama hapo. Mkanda."

"Mkanda wa nini?"

"Wa suruali. Na kisu, kama unacho. Utapewa ukitoka."

Masaba akanijia jikoni ameshikilia suruali kwa mikono miwili. "Hajati Fatumah, hii ni loji au ni jela?"

Aibu niliyoona mimi, we acha tu. Lakini ningesema nini, na nimejitakia mwenyewe? Loji yangu iko hapa Mafubira, nje kidogo ya mji wa Jinja, na ilikuwa inakufa. Msichana niliyekuwa naye, Racheal, alikuwa akiwajibu watu macho yakiwa kwenye simu. Mtu anaomba chumba, anaambiwa "subiri", anasubiri weee, mwisho anabeba begi lake anakwenda kulala kwa jirani. Nikamtoa. Opio ni mtu wa Tororo, mjane, sajini mstaafu wa magereza, na kazi yake huko ilikuwa kupokea wafungwa wapya. Nilipomuuliza kama ataweza wageni, alinijibu bila kucheka, "Hajati, nimepokea watu maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kuondoka kabla ya siku zake."

Jioni ile, baada ya sala ya isha, nikamsikia anapita milangoni akigonga. "Chumba cha nne! Upo?"

"Nipo," Masaba akajibu kinyonge.

"Umekula?"

"Nimekula, afande."

"Neti umeifunga vizuri? Basi lala."

Aliyewaka zaidi ni mume wangu, Ashiraf. Yeye anauza mchele wa jumla, kila wiki yuko Mbale siku mbili tatu. "Huyo mzee atatumaliza! Mtoe!" Tukakubaliana: vyumba visipojaa mpaka Ijumaa, Opio aende kwake, na mimi nifunge loji. Nilisema hivyo nikaingia chumbani kulia, maana ile loji ndiyo jasho langu.

Kumbe Mungu ana mambo yake. Soketi za vyumbani kwangu ni mbovu, kwa hiyo wageni huacha simu zao mezani kwa Opio zichajiwe. Asubuhi simu ya Masaba ikalia. Opio hawezi kuvumilia simu inayolia bila kupokewa. Akaipokea, na kwa kuwa sikio lake moja ni zito, akafungua sauti nyumba nzima isikie.

"Mapokezi. Nikusaidie, mama?"

"Wewe nani? Mume wangu yuko wapi?" Alikuwa Nakisige, mke wa Masaba, anayeuza nguo sokoni Mbale.

"Yupo, mama. Anaoga. Jana amekula wali na kuku, amehesabiwa, amelala peke yake. Mkanda wake ninao mimi."

Mama yule akacheka mpaka akakohoa.

Haya, umbea wa sokoni hauhitaji nauli ya basi. Siku ya pili yake wakaanza kuingia wanaume wa Mbale, nyuso zimewashuka. "Nimeambiwa nilale hapa," mmoja akanung'unika, na mkanda ameshauvua mwenyewe mlangoni. Ijumaa ilipofika sikuwa na chumba hata cha paka.

Na wale wanaume, walivyonuna! Lakini wakarudi tena, safari hii bila kutumwa. Vitu vyao havikupotea. Majina yao Opio aliyakumbuka. Mwenye kuwahi basi la alfajiri aliamshwa na maji ya moto yakimngoja. Masaba mwenyewe aliniambia, "Hajati, siku hizi nikilala kwingine nasubiri mtu aniulize kama nimekula. Haulizi mtu."

Ila Ashiraf alizidi kununa. Loji imejaa, yeye anasema mzee anawadhalilisha wanaume! Siku moja alirudi kutoka mjini, akaacha simu yake kwa Opio ichajiwe, akaja kukaa na mimi kwenye chai, pale pale nyuma ya mapokezi. "Leo uchague," akasema. "Yeye au mimi."

Sijafungua mdomo, simu yake ikalia mezani.

"Mapokezi. Nikusaidie, mama?"

"Habari, afande! Mimi ni mama Shakirah wa Nabuyonga, hapa Mbale. Wanawake wa sokoni wanakusifu sana. Mume wangu nimemwambia akija Jinja asilale pengine, alale kwako tu. Tena alikubali haraka! Yupo?"

"Jina lake, mama?"

"Ashiraf. Yule wa mchele."

Kikombe cha Ashiraf kikabaki hewani. Opio akageuka akanitazama, na naapa niliona huruma machoni mwake. Lakini mzee yule hajawahi katika maisha yake kusema mtu aliyepo hayupo.

"Yupo, mama," akasema polepole. "Amekula. Leo hayuko peke yake. Yuko na mke wake."

Simu ikakatika. Moyo uliniuma, nisikudanganye. Mchele wote ule wa Mbale, na mimi namfungia chapati za safari!

Ashiraf akaruka. "Umemwona? Umemwona huyu mzee? Mfukuze sasa hivi!"

Opio akaweka funguo zote mezani, akasimama wima akingoja amri yangu. Nikazichukua. Nikazishika kidogo mkononi, kisha nikamrudishia.

"Afande," nikamwambia, "kuna mgeni hapa hajapokewa. Mpe kile chumba cha karibu na choo."

Opio akamgeukia mume wangu, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Bwana, karibu. Simama hapo. Mkanda."