Mgongo Wangu Ukutani

Mume wangu na wenzake wanne huchora wafu. Ndiyo kazi inayotulisha hapa Homa Bay: familia iliyofiwa huleta picha ndogo ya pasipoti ya marehemu, wao huikuza kwa rangi, na siku ya mazishi inasimamishwa kando ya jeneza, watu wakisema ni yeye hasa. Ni kazi ya heshima. Lakini mwaka huu waliionea haya ghafla. Wakajiita wasanii, wakapata ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa, wakatangaza maonyesho ya picha za maumbile na maisha ya nyumbani.

Maumbile yenyewe yalikuwa viboko. Viboko kila ukuta, tena wanatabasamu, wamechorwa na wanaume ambao wakisikia kiboko ametoka majini hujifungia ndani mchana kweupe. Upande wa nyumbani ulikuwa mbaya zaidi. Mmoja ambaye hajamwona mkewe kijijini tangu Krismasi alijichora amebeba mtoto. Mwingine alijichora akimenya viazi. Nilicheka hadi soda ikanitoka puani, na mke wa huyo wa viazi, aliyesimama kando yangu, akacheka kunishinda.

Ila sikuwa nimeenda kucheka. Miaka yote ya ndoa yetu mume wangu amechora nyuso za watu chungu nzima, na hajawahi kuchora uso wangu. Niliposikia maisha ya nyumbani nikajua zamu yangu imefika. Nikasuka nywele, nikavaa gauni la kanisani. Nilitaka kujiona tu, basi.

Picha zake zilikuwa nne, na kweli nilikuwamo katika zote. Nimeinama jikoni, nimeinama kwenye beseni la nguo, nimeinama nikianika dagaa wa omena, nimeinama nikifagia. Mgongo, mgongo, mgongo, mgongo. Alikuwa amechora hata tundu lililochomwa na mkaa kwenye leso yangu, tena kwa ustadi. Msanii wa maisha ya nyumbani! Maisha yenyewe huyatazama akiwa kwenye kiti, nyuma yangu, akisubiri chai.

"Nyar Awendo, umejiona?" akaniuliza mbele ya watu, kifua mbele. Huniita hivyo, binti wa Awendo, akiwa na furaha.

"Nimeona leso. Uso uko wapi?"

"Si uko nao hapo? Sasa nichore kitu naona kila siku ya nini?"

Wenzake wakaangua kicheko, hao mabingwa wa viazi. Niliumia, sifichi. Nikamwachia ukumbi wake na viboko wake, nikarudi nyumbani.

Jumatatu asubuhi nilichukua picha yangu ya pasipoti, niliyopigwa juzijuzi tu, nikaitia katika kopo anamoweka picha za marehemu. Akaja na kikombe chake, akaitoa, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni ya wale watu wa Kendu Bay?" akauliza. "Wanazika lini?"

"Jumamosi," nikamwambia, nikavuta kiti, nikaketi mbele yake.

Akachanganya rangi, akaanza na macho. Alikuwa amefika puani alipoinua kichwa kunitazama.