Roselyne Hakuoga

Roselyne alikuwa fundi wa nguo pale Kibomet, na mwaka ule wa 2008 alikuwa akihangaikia tenda ya kushona yunifomu za shule. Ndiyo maana alikubali kula chakula cha mchana na Gicheru, mnunuzi wa mahindi kutoka Moi's Bridge aliyedai kujuana na walimu wakuu. Hotelini akainuka kunawa mikono, soda yake akaiacha wazi mezani. Aliporudi aliiona ina chumvichumvi, ila alikuwa na kiu.

Alizinduka asubuhi iliyofuata katika chumba cha gesti asichokijua, peke yake, gauni limevaliwa nyuma mbele, mwili ukimuuma. Aliitafuta jana kichwani, asiipate.

Alifika nyumbani, akajaza maji beseni. Jirani yake Mama Barasa, msafishaji wa wodi hospitalini, alimkuta kashika sabuni. Akamuuliza. Roselyne akaeleza vipande vipande.

"Usioge, mwanangu. Hata mkojo uubane, huo ndio utasema alikupa nini."

"Watasema nilijipeleka, mama."

"Wacha waseme. Siku tatu zikipita, dawa ya kuzuia ukimwi haikusaidii tena. Twende!"

Nguo alizovua wakazifunga kwa gazeti ziwe ushahidi. Hospitalini, daktari Waruguru alimpima polepole, akimwomba ruhusa kila hatua. Mkojo ukachukuliwa. Akapewa kidonge cha kuzuia mimba, na vidonge vingine vya siku ishirini na nane. Kituoni, polisi akauliza kama alikuwa amelewa.

"Afande, si uandike kwanza?" Mama Barasa akadakia.

Vidonge vilimtapisha. Kila kikohozi alidhani ndio ugonjwa umeingia. Mlango ukigongwa, mkasi ulimponyoka. Alikwenda kwao Kabuchai kumwambia mamake. Mama akamshika mikono asiiachilie.

Baada ya miezi mitatu damu ilionekana safi, na mkojo ulikutwa na dawa ya usingizi. Gicheru akashtakiwa. Kesi iliahirishwa mara tatu. Mara ya nne Roselyne alisimama, akasema yote.

Alipotoka, mwanamke asiyemjua alimvuta kando. "Dada, mimi pia alinifanyia hivyo. Sikumwambia mtu."

Roselyne akampeleka kwa mwendesha mashtaka. Ushahidi wa wawili ulimfunga Gicheru. Hata hivyo, Roselyne bado hushtuka akiitwa kwa jina ghafla sokoni.