Nilimsomea Maneno Yasiyokuwemo Kwenye Mkataba

Admin nifiche jina, maana hapa mtaani kwetu Lizaboni tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nina mume na watoto wawili, na mdomo wangu ni mkali, nakubali mapema kabla hamjaniambia. Nina app ya hadithi za watoto kwa Kiyao. Mama yangu ni Myao wa Tunduru, na iliniuma kuona wanangu hawawezi hata kumsalimia bibi yao kwa lugha yake.

Anayesimulia ni mama mmoja mjane wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Ananiita mwanangu. Anajirekodi kwa simu, namlipa kupitia app. Kwa kuwa ni mtu wa nje, kila malipo nakata kodi ya zuio, naipeleka serikalini na kumtumia karatasi ya kuthibitisha. Hapo niko safi, ndiyo maana ananiamini. Mkataba wetu niliuchukua mtandaoni, wa Kiingereza, lugha asiyoijua. Nikamwambia ni utaratibu tu, akasaini. Hata mimi sikuusoma.

Mwezi uliopita redio moja ya kwao ikamtaka asimulie kila wiki. Malipo yangetosha kumrudisha binti yake chuo cha uuguzi, alikosimamishwa kwa kukosa ada. Badala ya kukubali akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, wewe umesoma. Niangalizie kwenye mkataba kama naruhusiwa, nisije nikakukosea."

Ndipo nikausoma. Umeandikwa wazi kwamba msimuliaji yuko huru kufanya kazi na yeyote. Nikarudia nikitafuta pa kumbana, sikupaona. Ilikuwa roho mbaya tu, semeni mtakavyo. Sauti yake ndiyo app yenyewe, na watoto wakiisikia bure redioni, nani atanilipa mimi? Nikampigia, nikamwamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha nikamwambia mkataba unakataza, na akiuvunja atakatwa kodi mara mbili, huku na kwao. Sikujua hata kama ni kweli. Akasema, "Ahsante mwanangu. Bila wewe ningejitia matatani." Siku hiyo hiyo akawakatalia.

Mume wangu nilipomweleza hakugomba. Aliniuliza tu ningejisikiaje kama angefanyiwa hivyo mama yangu. Tangu hapo nimempigia yule mama mara tatu nimwambie ukweli, tunaishia kuulizana habari za mvua na mahindi. Redio bado hawajapata mtu, kaniambia mwenyewe, tena anacheka. Nikisema ukweli nampoteza na app inakufa.

Juzi akanitumia picha za mkataba mwingine. Ni wa binti yake. Chuo kimeshindikana, sasa anapelekwa nchi ya mbali kufanya kazi za ndani, na mkataba ni wa Kiingereza. "Msomee na mdogo wako," akasema. "Wewe hutatudanganya."

Huu nimeusoma neno kwa neno. Hati yake ya kusafiria atakaa nayo mwajiri, na haruhusiwi kuondoka kabla ya miaka miwili. Wanasubiri jibu langu kesho ili binti asaini. Nikisema asiende, mama yake ataniuliza ada itatoka wapi, na mimi ndiye niliyeizuia. Ndugu zangu, nitukaneni nimestahili, lakini niambieni: namwambiaje yule mama?