Upande wa Baharini wa Mkwaju wa Bibi

Wiki iliyopita nilikwenda Madungu kuuchukua mkwaju wa bibi, na mgongo wangu haujatulia mpaka leo. Usidhani ni mti mkubwa. Unanifika gotini, nao umeoteshwa kwenye sinia. Kilichonichosha ni kwenda na kurudi, jua, na kutoa vitu katika nyumba ambayo wajomba zangu wameshaiuza. Mnunuzi anataka kujenga duka kwa mbele. Mafundi walikuwa wameshamwaga mchanga uani, na lile rundo lilikuwa linalisogelea sinia. Ningechelewa kidogo tu, mti ungefunikwa.

Ngoja nikae vizuri nikusimulie, maana mti huu una maneno yake.

Mpwa wangu hunionesha kwenye simu picha za miti midogo ya watu wa nchi za mbali, anaiita bonsai. Anasema wajuzi wake wakiutazama mti hawaanzii kwenye majani. Huanzia chini, pale shina linapokutana na udongo, waone kama mizizi imetanda pande zote. Nilicheka. Neno bonsai bibi hakulijua, lakini jambo hilo ndilo lililomhangaisha uzeeni. Yeye akiliita kitako. "Mti lazima ukae kitako," alikuwa akisema, nasi watoto tukibana midomo tusicheke kwa sababu ya hilo neno, naye akitupiga kwa pindo la kanga.

Bibi alizaliwa Wambaa na akaolewa hukohuko. Nyuma ya nyumba yao, kwenye mteremko wa kushukia pwani, palikuwa na mkwaju mkubwa ambao mvua za miaka mingi zilikuwa zimeuchukulia udongo wake. Mizizi ikabaki nje, minene, imeshika ardhi kama vidole vya mtu anayepanda mahali penye utelezi. Upande wa baharini mzizi mmoja ulikuwa mpana kama kiti. Hapo ndipo bibi alipokaa kupara samaki na kuchambua mchele, na hapo, kwa maneno yake, ndipo alipowanyonyeshea watoto wake wote. Babu alipofariki, shamba likagawanywa kwa warithi, na aliyepata sehemu ile akaukata mkwaju akachoma mkaa. Bibi akahamia Madungu kwa mama yangu akiwa na kasha moja la nguo na kokwa za ukwaju alizozifunga kwenye pindo la kanga.

"Safari hii nataka mti mdogo," alimwambia mama. "Wa kutosha kuubeba kichwani siku mkinifukuza."

Mama alikasirika kwelikweli. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Lakini baadaye nilielewa kwamba hakuwa akitania sana. Alitaka kukiona tena kile kiti cha Wambaa, kwa kimo ambacho hakuna mtu angekitamania mkaa wala kukidai kwenye mirathi.

Kama na wewe ungependa kujaribu, usiogope. Kazi yenyewe ni nyepesi, ila ni ya miaka. Mche wa mkwaju ukiuachia ufanye utakavyo, hupeleka mzizi mmoja moja kwa moja chini, na juu ya udongo unabaki kama mti wa bendera. Kwa hiyo bibi aliungoja ufike kiasi cha shibiri, akaung'oa udongo ukiwa umelowa mvua, kisha akaukata ule mzizi wa kati kwa kisu cha kukatia mchicha. Mimi nilipiga kelele. Nilidhani kauua.

"Nyamaza, mke mwenzangu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Huyu nimemkatia njia ya kukimbilia chini. Sasa hana budi atembee kando."

Akachukua sahani ya bati iliyobanduka rangi, akaifudikiza ndani ya sinia alilolitoboa kwa msumari, akaukalisha mche juu yake. Sahani ile ndiyo iliyozuia mizizi isizame, ikalazimika kusambaa. Na sasa sikiliza hili, maana ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho. Aliingia ndani akatoka na shanuo la mti, lile alilotuchania nywele. Akaipanga mizizi kwa ncha zake kama alivyotugawa nywele kutoka utosini, mstari huu huku, ule kule, pasiwe na unaoparamia mwenzake. Uliotaka kuinuka aliukandamiza kwa kijiwe. Uliotaka kurudi aliufunga kwa kipande cha ukindu kilichobaki kwenye mkeka. Kisha akaufunika kwa udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga wa mtoni na majani ya mkarafuu yaliyooza, akanikabidhi kopo la maji.

Kila masika yakianza kukolea, sinia lilifunguliwa. Tulikaa barazani, mvua ikipiga juu ya bati mpaka ikabidi watu waseme kwa sauti, mkate wa mofa ukinukia kutoka kwa jirani, na mimi nimekaa chini katikati ya magoti ya bibi. Mizizi iliyoanza kushuka ikikatwa, iliyopotoka ikinyooshwa. Shanuo lilikuwa moja. Akimaliza mti ananichana mimi, na shule nilikwenda na mchanga kichwani. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliniuliza siku moja kama kwetu tunalala shambani.

Mwaka hadi mwaka mizizi ikanenepa ikaanza kuonekana. Bibi akaanza kuondoa udongo wa juu, kidogo tu kila mara, kama mvua ilivyofanya Wambaa. Hapo usiwe na pupa. Mizizi ikifunuliwa mapema hukauka. Lakini yeye alikuwa na haraka yake ya siri, maana mtoto wa jicho alikuwa ameshamwingia macho yote mawili. Alitaka mkwaju ukae kitako kabla hajaacha kuona.

Sasa nije kwa jirani. Ukuta wake na wetu uliachana kwa hatua chache, naye na bibi walikuwa mashoga wa kunywa kahawa pamoja kila baada ya sala ya alasiri. Mwanamke msafi kupindukia. Idd ikikaribia, yeye ndiye aliyepaka chokaa mtaa mzima. Alipaka misingi ya nyumba, mawe ya kisimani, shina la mpapai na banda la kuku.

Idd moja bibi alikuwa kwenye msiba Wambaa. Jirani akamaliza kupaka kwake, akapaka na kwetu kwa wema, na kwenye kopo chokaa ikabaki. Akaliona sinia. Akaupaka ukingo wake, akaipaka na mizizi iliyokuwa nje, na yale masalio ya mwisho akayamwagia palepale. Bibi aliporudi, hakuhitaji kuambiwa.

"Shoga, mbona hapa pananuka chokaa?"

"Nimekupambia mwanao. Siku ya Idd naye kavaa nyeupe."

Bibi alichutama akapapasa. Vidole vikarudi vimepauka.

"Weye mwanamke! Huu mti au msikiti?"

"Yakhe, si umependeza?"

Tuliosha mizizi kwa ndoo baada ya ndoo, tukabadilisha udongo wote, lakini chokaa mbichi huunguza. Siku zilizofuata majani yakageuka manjano, na mizizi ya upande mmoja ikawa inachunika mkononi kama uzi uliooza. Ulikuwa upande ule wenye mzizi mpana, ambao bibi alikuwa akiulea miaka yote uwe kile kiti. Upande wa baharini.

Kahawa ya alasiri ikawa inanywewa kila mtu kwake. Mimi nilikuwa mdogo, lakini niliona jinsi ua ulivyokuwa mpana siku hizo. Kisha alasiri moja jirani akaja na sahani ya mofa iliyofunikwa kwa kawa, akasimama mlangoni.

"Nimekuja kumtazama mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa yupi? Mimi au yeye?"

"Nyote mmenuna vilevile."

Bibi akamsogezea mkeka. Hawakuombana radhi mbele yangu. Lakini tangu siku hiyo jirani akawa anaita pale penye pengo "upande wangu", na kila alasiri akaja na maji aliyooshea mchele akaupa mti, bila kutumwa na mtu.

Upande uliokosa mizizi unaweza kupata mingine. Nakuambia hivi ili usije ukautupa mti kwa kukata tamaa. Unakata ganda la shina, kipande kidogo pale pale usawa wa udongo, unakwangua utelezi wake, unapafunika kwa makumbi ya nazi yaliyorowekwa, unafunga, unafukia, halafu unangoja. Mara ya kwanza bibi alikata mwenyewe na pakaoza. Mara ya pili macho yalikuwa yamekwisha, nikakata mimi, naye akiongoza kwa vidole. "Shuka kidogo. Hapo. Usikwangue kama unapara muhogo, mke mwenzangu, huyo ana damu." Jirani alikuwa ameshika taa ingawa ilikuwa mchana. Nadhani alitaka tu kushika kitu.

Tulipomaliza, bibi akatoa amri moja: mtu asifukue kutazama. Mizizi mipya ni laini kama utambi, ukiigusa umeikata. Tuliambiwa tungoje, nasi tukangoja.

Bibi hakuyafikia masika yaliyofuata. Siku zake za mwisho alilala chumba cha mbele, na jirani alipoingia, kila mara bibi aliuliza swali moja.

"Umeota?"

"Bado, shoga. Lakini majani yamechangamka."

Mpaka alasiri moja, sauti ya bibi ikiwa imeshuka sana, akauliza tena, na jirani akamshika mkono akasema, "Umeota, shoga. Mzizi mzima, kama ule wa kwenu." Mimi nilikuwa nakuna nazi ukumbini. Niliacha kukuna nikasikiliza, maana nilijua hakuna aliyefukua. Bibi alisema alhamdulillahi, akalala. Hakuuliza tena.

Mimi nikakua, nikaenda kusoma, nikapata kazi ya ualimu Konde. Mama naye akatangulia. Nyumba ikawa na wapangaji, kisha ikawa tupu. Miaka yote hiyo aliyeutilia maji mkwaju ni jirani. Aliukatia matawi, akauongezea udongo, lakini upande ule hakuufunua. Nilidhani anatii amri ya bibi. Wiki iliyopita ndipo nilipojua.

Aliniona nikiinama juu ya sinia, akaja taratibu na mkongojo wake. Nikamwamkia. Akaitikia, akasimama nyuma yangu. Yeye naye sasa haoni vizuri.

"Unauchukua?"

"Nauchukua, bibi. Lakini sinia limeoza. Itabidi niufungue."

"Basi ufungue nikiwapo," akasema. "Na usinifiche."

Nilichukua shanuo. Si lile, lile lilivunjika zamani. Hili ni la plastiki, nililinunua njiani. Nikaanza upande wa pili kwa makusudi, taratibu. Mafundi walikuwa wanapakua matofali na kubishana kuhusu mpira. Nikauzunguka mti, mzizi baada ya mzizi, mpaka nikafika pale nilipokata nikiwa mtoto. Makumbi yalikuwa yameshageuka udongo. Nikapiga shanuo mara moja, likagonga kitu kigumu.

Niliupuliza udongo, nikamshika mkono jirani, nikauweka juu yake. Ulikuwa mzizi mmoja mpana, umelala umetanuka juu ya ile sahani ya bati, na pembeni yake miwili myembamba. Vidole vyake vikaufuata kutoka shinani hadi ukingoni, vikarudi, vikaufuata tena.

"Basi sikumwongopea," akasema.

Huenda siku ile ulikuwa haujaota. Huenda uliota baadaye sana, sote tukiwa tumeshamzika bibi. Mtu anayejua miti angeweza kukadiria kwa unene wake, na mimi najua kidogo. Sikukadiria. Nilimwambia, "Hukumwongopea," akafuta macho kwa kanga, na kanga yake ilikuwa safi kama kawaida yake.

Alinisindikiza mpaka njiani nikiwa nimeubeba mti kwenye karai jipya. Gari liliposimama akaniuliza:

"Huko Konde wanapaka chokaa?"

"Siku hizi wanapaka rangi za madukani, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo tukacheka.

Sasa uko hapa barazani kwangu. Nyumba ya Madungu nasikia imeshashushwa bati. Kisima kimefukiwa, mpapai haupo, na hakuna tena mtu wa kuniita mke mwenza. Nikirudi kutoka shuleni miguu imevimba, nakaa kwenye ngazi na kikombe changu cha kahawa, peke yangu, nauangalia. Umekaa kitako, pande zote. Nimelizungusha karai mpaka ule mzizi mpana ukaelekea kusini-magharibi, Wambaa ilipo. Mbele yake pana ukuta wa duka la saruji tu, lakini nimeuacha hivyo hivyo.